Kihisi Kisibanduke: Kukishikisha Ngozini Katika Joto la Tanga

Ukivaa kihisi cha sukari mjini Tanga, kile kidude kinachobandikwa ngozini kumpimia sukari mwenye kisukari, maji si adui yako mkubwa. Watu wanaogopa kuoga, wanaogopa mvua ya masika, wanaogopa kwenda kuogelea Raskazone. Lakini vihisi vingi vinavyoanguka kabla ya siku zake vilikuwa vimeshaanza kubanduka tangu dakika ile vilipobandikwa, kwa sababu gundi haikugusa ngozi. Iligusa mafuta na jasho vilivyokuwa juu ya ngozi. Plasta utakayoongeza baadaye itachelewesha tu aibu.

Ninaowaandikia hapa ni wenye kihisi cha mkononi, FreeStyle Libre, Dexcom na vya namna hiyo, pamoja na wale wachache wenye pampu ya insulini. Wengi wetu huku tunaletewa na ndugu aliyeko Uingereza au Uarabuni, au tunaagiza Dar es Salaam. Libre imetengenezwa ikae siku 14, na zile za Plus siku 15. Dexcom G7 ya kawaida siku 10. Kikianguka siku ya tatu, hakuna duka la kukimbilia pale Ngamiani, na fedha imeshakwenda.

Gundi ya vifaa hivi ni ya kubonyezwa. Haikauki kama gundi ya mbao. Inajipenyeza polepole kwenye vijibonde vya ngozi ikisaidiwa na mgandamizo na joto la mwili, na huendelea kukaza kwa saa nyingi, hata siku nzima. Ukilielewa hilo, mengi ya hapa chini utayabuni mwenyewe.

Hatua ya kwanza: boksi likae wapi

Joto huharibu gundi na kihisi chenyewe kabla hujafungua boksi. Kila boksi limeandikwa mwisho wa joto lake, na viwango vinatofautiana: vipo vinavyoishia nyuzi 25, vingine 28, vingine 30. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, nyumba ya bati isiyo na dari inapita hapo mapema tu. Kama maelekezo yanaruhusu, weka boksi kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Asiye na friji aliweke katikati ya nguo kabatini, kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Si juu ya kabati karibu na bati, wala ndani ya gari.

Kikitoka kwenye friji, kiache ndani ya pakiti yake nusu saa au zaidi ndipo ukifungue. Plastiki baridi ikikutana na hewa ya pwani inatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakaloingia chini ya gundi.

Hatua ya pili: chagua mahali

Libre na Dexcom G7 kwa mtu mzima huwekwa nyuma ya mkono wa juu, kwenye nyama laini kati ya bega na kiwiko. Mahali pengine ni kwa mujibu wa maelekezo ya kifaa chako, maana usahihi wa kipimo umepimwa pale walipopataja.

Ndani ya eneo hilo bado una uchaguzi. Simama mbele ya kioo, kunja mkono kama mtu anayeshika ndoo kichwani, kisha unyooshe. Ngozi ambayo haikunjiki wala haivutiki sana ndiyo unayoitaka. Epuka kovu, chale, michirizi, kidutu, na yale mabonge magumu yanayoachwa na sindano za insulini. Kaa mbali na unapochoma insulini: Libre wanataka angalau sentimita 2.5, Dexcom wanataka kama sentimita 8.

Halafu fikiria siku yako ilivyo. Mama anayebeba mtoto mgongoni, mbeleko inapita chini ya kwapa moja na juu ya bega la pili. Jiangalie ukiwa umeifunga ujue inasugua wapi. Mwenye mkoba wa begani, mkono usiobeba mkoba. Anayelala ubavu mmoja usiku kucha, mkono ule usiolaliwa. Nitaeleza sababu mbele. Na ukimaliza siku zake, kinachofuata kiende mkono wa pili. Ngozi inahitaji kupumzika, na gundi mpya haipendi mabaki ya gundi ya zamani.

Penye nywele nyingi, punguza kwa mkasi au mashine siku moja kabla. Usinyoe kwa wembe dakika hiyo hiyo ya kubandika: wembe unaacha mikwaruzo usiyoiona, na gundi juu ya mikwaruzo ni kujitafutia muwasho.

Hatua ya tatu: ngozi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa na haraka, harakisha kwingine.

Sisi watu wa pwani tunapaka mafuta. Mtoto hatoki bafuni bila mafuta ya nazi, mtu mzima ana losheni yake au Vaseline, bibi ana mchanganyiko wake anaoujua mwenyewe. Nyumba moja ninayoijua pale Makorora, kila mama alipomwandaa binti yake kwa kihisi kipya, bibi alikuwa akipita na chupa mkononi.

"Mtoto kapauka hivi, mnamwacha tu?"

"Shikamoo mama. Tunamwekea kile kidude chake, mkono huu usipakwe leo."

"Marahaba. Haya, na huo mwingine?"

"Huo mwingine mpake, mama, na miguu, na uso. Huu tu."

Hayo ndiyo makubaliano ninayoyapendekeza kwa kila nyumba. Hakuna haja ya kupigana na bibi. Mkono mmoja tu, tangu usiku wa kuamkia siku ya kubandika, usiguswe na mafuta, losheni, poda wala manukato. Poda nayo imo humo. Wengi wanadhani inakausha, kumbe gundi inashika vumbi la poda na vumbi halijashika chochote.

Kisha osha. Tumia sabuni ya kawaida ya kipande, isiyotangazwa kuwa ina krimu au mafuta ya kulainisha. Ile ya mche ya kufulia usiitumie, ni kali na itamwacha mtoto akijikuna. Osha eneo kubwa kuliko kihisi, upana wa kiganja, kwa sababu mafuta ya pembeni yatasogea. Suuza mara mbili. Jifute kwa taulo safi, si ile kanga uliyojifunga ukiwa umejipaka mafuta jana.

Baada ya hapo ni alkoholi, na hapa pana mtego. Kinachofaa ni vile vipakiti vidogo vya pamba au kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, vinavyouzwa famasi. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko si ya ngozi. Hata ile inayoitwa spiriti ya hospitali, soma kibandiko: ipo inayochanganywa na mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, kwa hiyo unapangusa mafuta huku unapaka mafuta mengine. Vitakasa mikono ni hivyo hivyo. Hata mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una gliserini kidogo ndani yake, ili mikono isipasuke. Kwa mikono ni jambo jema, kwa gundi si jema.

Pangusa kuanzia katikati kwenda nje. Tupa pamba, chukua nyingine, rudia. Kama pamba ya pili imetoka na rangi, ya tatu ni haki yake.

Sasa ngoja ikauke. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu na vijidudu. Usipepee kwa kanga ya jikoni. Kaa mbele ya feni mpaka ngozi iwe kavu kabisa, na wewe mwenyewe uwe umeacha kutoka jasho. Hii ndiyo sababu nasema usibandike saa saba mchana, wala mara tu ukitoka kuendesha baiskeli kutoka Sahare. Wakati mzuri kwa mji huu ni usiku, umeshaoga, umeshakula, upepo wa baharini umetuliza nyumba. Umeme ukikatika, subiri. Kihisi cha zamani cha Dexcom G7 kinaweza kukupa saa chache zaidi. Libre siku zake zikiisha inazima, kwa hiyo upime kwa kidole.

Wanaotoka jasho sana wana mbinu mbili. Ya kwanza ni deodoranti ya kuzuia jasho, ile yenye chumvi za alumini, si ya kunukia tu. Iwe haina manukato. Paka eneo litakaloguswa na gundi, acha dakika kumi au kumi na tano, kisha pangusa vizuri kwa alkoholi na uache ikauke. Kile kiduara cha katikati, pale uzi mwembamba wa kihisi unapoingia ngozini, usipapake kabisa.

Ya pili ni gundi ya maji ya ngozi. Skin Tac ndiyo inayojulikana zaidi. Huja kwenye vipakiti, na ndugu anayekuletea vihisi anaweza kukutilia vichache kwenye mzigo. Paka duara, ukiacha katikati wazi ukubwa wa shilingi. Subiri mpaka ukigusa kwa kidole unate lakini kidole kisilowe. Ukibandika ikiwa bado maji, umeweka utelezi. Na tafadhali, gundi ya viatu na ile ya kuunganishia plastiki, ambayo fundi anaisifia kwamba inashika mpaka chuma, isikaribie ngozi ya mtu.

Hatua ya nne: bandika, kisha tulia

Kaza ngozi kidogo kwa mkono mwingine, au umpe mtu akushikie. Weka kifaa cha kubandikia kikae sawa, bila kuinama, bonyeza kama maelekezo yanavyosema, shikilia sekunde chache ndipo uinue taratibu. Kisha kidole kizunguke ukingoni pote, kwa nusu dakika, ukibonyeza. Mwisho funika kwa kiganja dakika moja au mbili. Joto la kiganja linalainisha gundi iingie inakotakiwa.

Baada ya hapo, gundi inaomba saa kadhaa za amani: hakuna kuoga, hakuna mpira, hakuna kubeba ndoo begani. Ukibandika baada ya kuoga usiku, saa hizo zinapita ukiwa umelala.

Libre haianzi kuhesabu siku mpaka uiwashe kwa simu au kisomaji chake, na ikiwashwa inataka dakika 60 ndipo itoe namba. Kwa hiyo wapo wanaoibandika usiku na kuiwasha asubuhi, gundi ikiwa imeshakaza. Dexcom G7 yenyewe inaanza kazi ikishaingia mwilini. Hilo usilisahau ukipanga ratiba.

Hatua ya tano: plasta ya juu

Kama ulifanya hatua ya tatu sawasawa, huenda huihitaji. Mimi nadhani mtu mzima anayekaa ofisini Chumbageni anaweza kumaliza wiki mbili bila plasta yoyote. Mtoto wa shule, mvuvi, fundi ujenzi, dada anayepika sambusa mbele ya moto: hao waweke, na waweke siku ya kwanza, gundi ya chini ikiwa bado nzima. Plasta haifufui kilichokwisha kubanduka.

Zile za kitambaa kinachovutika, wanazotumia wachezaji mpira kwenye misuli, zinafaa sana kwa joto letu kwa sababu zinapitisha hewa. Kata kipande kinachozidi kihisi kwa vidole viwili kila upande, na kata pembe ziwe za mviringo. Pembe kali hunasa kwenye nguo. Kata tundu katikati. Bandika bila kuvuta: ukiivuta, itataka kurudi, na itarudi na ngozi. Libre ina kitundu kidogo katikati, kisifunikwe. Dexcom nao wanataka plasta ikae juu ya ile plasta yao ya pembeni, isipande juu ya kifaa.

Plasta za plastiki angavu, kama Tegaderm, zinazuia maji ya nje lakini kwa mtu wa jasho jingi zinafunga na la ndani pia. Ukikuta unyevu umejikusanya chini yake, ibadilishe. IV3000 imetengenezwa ipitishe mvuke zaidi. Plasta ya karatasi ya famasi ni laini kwa ngozi, ila jasho la siku moja linaimaliza. Itakusaidia kuvuka usiku, si wiki. Ile nyeupe ngumu ya zinki inashika kweli, na ikitoka inaondoka na kitu.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni soksi. Chukua soksi ya kuchezea mpira, laini, kata vidole, ivae mkononi kama kikuku kipana juu ya kihisi. Inalinda dhidi ya kugongwa na haina gundi. Sharti lake moja: isibane. Ukiivua na kukuta alama imejichora kwenye ngozi, imebana.

Kinachokigonga na kukisugua

Chandarua ndicho mwizi mkubwa wa vihisi nyumbani. Mtu anatoka kitandani alfajiri, mkono unapita kwenye wavu, tundu linashika ukingo wa plasta. Zoea kuinua chandarua kwa mkono wenye kihisi, utoke ukiwa chini yake. Cha pili ni fremu ya mlango, hasa kwa watoto. Cha tatu ni kuvua nguo: dera lina nafasi, halina shida, lakini fulana ya kubana ya shule ianze kuvuliwa kwenye mkono usio na kihisi, na kuvaliwa kwa mkono wenye kihisi. Daladala nayo, ukikaa dirishani, upande wa kihisi uwe ndani.

Kuoga kwa kata hakuna tatizo kabisa. Usisugue kwa dodoki juu yake. Ukimaliza, gusagusa kwa taulo, usiburute, kisha simama mbele ya feni. Mafuta ya mwili yaishie mbali, vidole vitatu kutoka ukingo wa plasta. Dawa za kujipaka za kuzuia mbu zenye DEET zinaweza kula plastiki, kwa hiyo paka kwa kiganja ukiwa umekizunguka kihisi, kisha nawa mikono kabla ya kukigusa.

Baharini, jua kikomo cha kifaa chako. Libre 2 inavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hiyo inatosha kwa kuogelea ufukweni Raskazone, haitoshi kwa kupiga mbizi. Ukitoka, suuza chumvi kwa maji baridi, maana chumvi ikikauka ukingoni inakuwa kama msasa. Na fahamu kwamba kipimo hakipiti ndani ya maji kwenda kwenye simu. Kabla ya kuingia, pima.

Waislamu wananiuliza kuhusu udhu. Kihisi cha nyuma ya mkono wa juu kiko juu ya kiwiko, na mpaka wa kuosha mkono ni kwenye kiwiko, kwa hiyo udhu hauguswi. Kwa josho ambalo maji yafike mwili mzima, muulize sheikh wako. Suala la kupangusa juu ya bandeji linajulikana katika fikihi, na masharti yake atakueleza yeye, si mimi.

Kulala: ukilalia kihisi, nyama inagandamizwa, majimaji yanayopimwa yanapungua pale, na simu inaweza kulia kwamba sukari imeshuka ilhali haijashuka. Geuka, subiri dakika chache, pima kwa kidole. Lakini kama unatetemeka na jasho la baridi linakutoka, kula sukari kwanza, maelezo baadaye.

Ukingo ukianza kuinuka, usiuvute wala usiuchezee. Kata kile kilichoinuka kwa mkasi mdogo, pangusa ngozi ya pembeni, funika kwa plasta ya kitambaa. Kama kihisi chote kimenyanyuka na ule uzi mwembamba wa ndani umetoka nje, kimekwisha. Usiusukume urudi, umeshapinda na si safi tena. Tunza kihisi na boksi lenye namba zake, piga picha. Abbott, watengenezaji wa Libre, na Dexcom wana utaratibu wa kufidia vilivyoanguka mapema, kwa masharti ya nchi kilikonunuliwa, kwa hiyo aliyekununulia ndiye apige simu.

Wenye pampu, someni hapa mara mbili

Kihisi kikianguka umepoteza fedha. Kimrija cha pampu, kile kinachopitisha insulini chini ya ngozi, kikitoka, umepoteza insulini, na pampu ina insulini ya haraka peke yake. Hakuna akiba mwilini. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, ndani ya saa chache sukari inapanda na ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, zinaanza kujaa kwenye damu.

Na kimrija hakitoki kwa kishindo kila mara. Plasta inaweza kuonekana imekaa vizuri huku chini yake kimrija kimepinda au kimechomoka milimita chache. Kwa hiyo asubuhi na jioni weka kidole pale: pamelowa? Nusa kidole. Insulini ina harufu ya dawa ya hospitali, kali, huwezi kuikosea ukiijua. Sukari ikipanda bila sababu na dozi ya kurekebisha haikuishusha, usiendelee kubonyeza pampu. Choma kwa peni au sindano kama daktari alivyokuelekeza, pima ketoni ukiwa na vipimo, kisha badilisha seti nzima. Ukianza kutapika au kuhema haraka, nenda Bombo au hospitali iliyo karibu, usingoje kupambazuke.

Seti nyingi za mrija hubadilishwa kila siku mbili au tatu, na Omnipod, pampu isiyo na mrija, siku tatu, kwa hiyo gundi yake haihitaji kudumu wiki mbili. Inahitaji kutosogea. Ya mrija, fanya kitanzi kidogo cha mrija na ukibandike kwa kipande cha plasta sentimita chache kutoka kwenye kimrija. Mrija ukinaswa na kitasa, kitanzi ndicho kitakachovutwa. Kwa wote, kanuni za ngozi ni zile zile za hatua ya tatu, na tumboni mkae mbali na kitovu, vidole viwili au vitatu.

Ngozi ikikataa

Kwenye vitabu vingi muwasho unaelezwa kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi hivyo. Utaona pameiva kuwa peusi zaidi, au kijivu, pamevimba kidogo, panawasha, pana joto. Na doa jeusi linaweza kubaki miezi hata baada ya muwasho kupona.

Tofautisha mawili. Ngozi iliyochubuliwa na jasho au kubanduliwa kwa nguvu huwasha pale pale chini ya gundi na hutulia siku chache baada ya kuondoa. Mzio ni kingine: muwasho unazidi kila unapovaa, vinatoka vipele vya maji, unavuka mipaka ya plasta, na kila kihisi kipya unakuja mapema zaidi. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ulaya walichapisha taarifa za wagonjwa waliopata mzio kutokana na kemikali iitwayo isobonili akrileti iliyokutwa ndani ya Libre ya wakati huo. Mwenye dalili hizo asipambane kwa kuongeza plasta. Aende kwa daktari wa ngozi, akiwa na boksi mkononi.

Kwa muwasho wa kawaida, dawa ya kutengeneza utando juu ya ngozi kama Cavilon husaidia: paka, acha ikauke, kisha bandika juu yake. Usipake krimu yenye steroidi kwa kujiamulia. Na hapa niseme wazi: mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, na steroidi hupunguza unene wa ngozi. Ngozi hiyo ukibandua plasta inachanika. Anayejipaka mkorogo mikononi achague moja.

Kukibandua

Sasa lete ile chupa ya bibi. Mafuta ya nazi yaliyokatazwa siku ya kubandika ndiyo dawa ya kubandulia. Yapake ukingoni mwa plasta, yasugue taratibu yaingie chini, ngoja dakika tano au kumi. Inua pembe moja, kisha ikunje plasta ijirudie yenyewe, chini chini karibu na ngozi, kuelekea nywele zinakolala, huku kidole cha mkono mwingine kikishikilia ngozi nyuma yake. Ikikwama, ongeza mafuta. Kubandua kwa mpigo mmoja, kama tunavyowafanyia watoto tukidhani tunawaonea huruma, ndiko kunakoacha kidonda.

Mabaki ya gundi yatolewe kwa mafuta hayo hayo na kitambaa, kisha osha kwa sabuni. Mkono huo sasa upakwe mafuta upendavyo mpaka zamu yake irudi.

Kifaa cha kubandikia kina sindano ndani yake. Kiweke kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mdomo mpana na mfuniko, pamoja na sindano zako za insulini, na kikijaa kipeleke kwenye kliniki yako ya kisukari wakitupe wao. Kihisi chenyewe kina betri, kwa hiyo kisitiwe kwenye moto wa takataka za uani.